Taamia za Chai ya Saa Nne

Harufu ya ufuta unaokaangwa bila mafuta huanza kwa upole, karibu na ya karanga, halafu ghafla inakuwa nzito na tamu, na usipokuwa macho dakika hiyo hiyo inageuka kuwa ya kuungua. Kwetu Chapwa harufu hiyo ilipita katikati ya moshi wa dizeli, kwa sababu nyumba yetu ilitazama foleni ya malori yanayoelekea mpakani. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, baridi ya Tunduma imekaza, madereva wanaamka wamejifunga mablanketi mabegani na kunawa nyuso kwa maji ya madumu, na akina mama wa Nakonde, upande wa Zambia, wanavuka na vitenge vyao wakiuliza bei kwa Kibemba na kujibiwa kwa Kiswahili bila mtu yeyote kuona ajabu. Wakati huo tulikuwa bado tunahesabiwa mkoa wa Mbeya. Songwe lilikuwa jina la mto tu. Nilikuwa na miaka kumi, meno ya mbele yameshaota tena, na nilijiona mpishi. Hata leo mambo ya jiko sina haya ya kujisifia, lakini ukweli lazima niuseme: kazi yangu ya kwanza kubwa ya upishi niliiharibu, na niliiharibu siku ambayo haikutakiwa iharibike kabisa.

Ufuta ule alikuwa anakaanga Shangazi Skola, dada mdogo wa Baba. Alikuwa amerudi mwezi mmoja kabla, kutoka Dar es Salaam, baada ya miaka tisa ya kupika katika nyumba ya mhandisi mmoja wa Kimisri na mkewe, ambaye Shangazi alimwita Mama Hana. Wamisri hao walipomaliza mkataba na kurudi kwao, Mama Hana alimpa Shangazi mashine ya kusagia nyama, ile ya chuma inayobanwa pembeni mwa meza kwa skrubu na kuzungushwa kwa mkono. Shangazi alisafiri nayo njia nzima akiwa ameipakata, nguo zake zikiwa juu ya keria ya basi. Alituambia kwamba kule hakuwahi hata siku moja kusagia nyama. Ilisaga kunde na majani mabichi, kwa ajili ya vitafunio ambavyo Wamisri wanaviita taamia: vidonge vya mboga vya kukaanga, kahawia kwa nje na kijani kabisa kwa ndani, vinavyochovywa kwenye michuzi mizito ya baridi. Kwa kweli wao hutumia maharage makubwa ya kwao, lakini yalipokosekana Dar, Mama Hana na Shangazi walijaribu kunde na wakaona zinakubali. Walikula hivyo kila Ijumaa, asubuhi iliyokwisha kukua, familia nzima ikiwa mezani. Shangazi alipotusimulia, Mama alisema, kumbe ni chai ya saa nne tu, na Shangazi akasema ndiyo, wifi, ni chai ya saa nne yenye mambo.

Alichotaka Shangazi kilikuwa kimoja. Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na fremu ya duka, mlango wake ukifungukia barabarani, na ndani yake kulikuwa na magunia ya mahindi na kahawa ya Bibi yanayoletwa kutoka shambani kwake Iyula kusubiri mnunuzi. Shangazi alitaka fremu hiyo. Alitaka kuweka meza nne na jiko, na kuuza chai ya saa nne kwa madereva ambao tangu Dar mpaka Lubumbashi wanakula chapati na supu, supu na chapati. Baba, ambaye alikuwa fundi wa matairi ya malori na alijua njaa ya madereva kuliko mtu yeyote, alikuwa upande wake. Ila nyumba ilijengwa na Babu, na Babu kabla hajafa aliweka wazi kwamba fremu ni ya Bibi mpaka Bibi mwenyewe aseme vinginevyo. Bibi hakuwa amesema vinginevyo. Alipotumiwa habari alijibu kwamba atakuja Jumamosi, atakunywa hiyo chai ya Wamisri, na hapo hapo atatoa jibu. Akikataa, Jumatatu Shangazi angevuka mpaka kwenda Lusaka, ambako familia nyingine ilikuwa ikimsubiri apike.

Mimi sikutaka aende Lusaka. Naandika hivyo kwa utulivu leo, lakini wakati ule nilikuwa namlinda kama mtu anavyolinda nafasi ya foleni. Shangazi alilala chumbani kwangu, akanisuka nywele bila kunivuta, akaniuliza maoni yangu kuhusu chumvi na kuyafuata. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, limeegemezwa ukutani, na kila nikiamka nalitazama kwanza begi, halafu ndiyo naamka vizuri. Nilijua pia kwamba yeye na Bibi hawakuwa na maneno mengi kati yao. Tangu arudi alikuwa amekwenda Iyula mara moja, akalala usiku mmoja, akarudi na mkungu wa ndizi na uso uliofungwa. Nilipomuuliza Mama kuna nini, aliniambia nikachote maji.

Bibi nilimpenda na nilimwogopa kwa viwango vinavyolingana. Katika Iyula yote alijulikana kwa maharage. Msimu wa kuchuma kahawa alikuwa akiwapikia watu thelathini kwa sufuria moja, na hakuna aliyewahi kulalamika kuwa amekuta punje ngumu. Mimi mwenyewe alikuwa amenifundisha: unachagua mawe, unaosha mara tatu, unabandika mapema, unatia kipande kidogo cha magadi ili yalainike haraka, chumvi baadaye. Alisema nyumba inayompa mgeni maharage yasiyoiva imemtukana mgeni huyo mbele ya watoto wake. Maneno hayo niliyashika vizuri, kupita kiasi nadhani.

Ijumaa mchana tulikaa mimi na Shangazi uani juu ya mkeka, tukachagua kunde za kutosha kujaza beseni la bluu, tukaziloweka kwenye maji ya baridi. Jioni maganda yalipolegea tulianza kuzifikicha kwa viganja, maganda yakaelea juu na sisi tukayamwaga, tukaongeza maji, tukafikicha tena. Ni kazi ya uvumilivu. Mikono inakufa ganzi kwa baridi na unadhani umemaliza, kumbe bado punje nyingi zimevaa makoti yao. Shangazi aliimba nyimbo za kwaya ya Moravian za zamani na kunionyesha jinsi ya kufikicha bila kuzivunja. Tulipomaliza, beseni lilikuwa jeupe, punje safi zimetulia chini ya maji. Akalifunika kwa kanga. Hakunieleza kitakachofuata, na sikumlaumu hata baadaye, maana kwake ilikuwa imekuwa kawaida kwa miaka tisa na alisahau kwamba kwetu si kawaida.

Jumamosi aliondoka saa moja asubuhi kwenda sokoni, kwa kuwa giligilani na nanaa zinaisha mapema na mtindi mzuri unauzwa na mama mmoja tu. Mama alikuwa amekwenda kusaidia usafi kanisani, Baba yuko chini ya lori. Nikabaki mwenyewe na nyumba. Nilifagia uwanja, nikapanga vikombe, halafu nikafunua kanga. Kunde ziko vile vile kwenye maji ya baridi, na jiko la mkaa halijawashwa. Nilipiga hesabu ya muda kwa namna niliyofundishwa: mgeni anafika saa nne, saa mbili inakaribia, na hakuna hata punje moja iliyoguswa na moto. Nikaona wazi kabisa kwamba Shangazi amesahau, na kwamba Bibi atakuja kukuta kunde mbichi, na Jumatatu begi litavuka mpaka. Sikusita hata kidogo. Niliwasha mkaa, nikapepea mpaka ukawa mwekundu, nikachukua sufuria ya wastani kwa sababu ile kubwa ilikuwa na maji ya kuoga, nikajaza nusu ya kunde, ndizo zilizoenea, nikabandika. Nikatia magadi. Nikakumbuka tulivyo na haraka, nikaongeza magadi mengine. Nakumbuka nilikaa pale kwenye kigoda nikijisikia mtu mzima, nimeokoa jahazi, nikingoja kushukuriwa.

Kunde zilizomenywa na kulowekwa usiku kucha hazihitaji moto mwingi. Zilikuwa uji mzito kabla Shangazi hajarudi. Aliingia na kikapu kichwani, akasimama.

"Lusi, nani kawasha jiko?"

"Mimi, Shangazi. Ulikuwa umesahau kubandika."

Alitua kikapu. Alifunua sufuria, mvuke ukampanda usoni, akafunika tena polepole. Kisha akaenda kwenye beseni, akatazama nusu iliyobaki, akakaa chini, pale pale penye vumbi, na gauni lake zuri alilolitoa begini kwa ajili ya siku hiyo. Nilielewa kwamba nimefanya jambo baya bila kuelewa ni jambo gani. "Umetia nini humu?" aliniuliza mwishoni. Nikasema magadi, mara mbili. Akafumba macho. Halafu alinieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kunde za taamia hazichemshwi, kamwe. Zinasagwa mbichi zikiwa zimelowa, na moto wake ni wa mafuta peke yake. Zikichemshwa hazishikani. Nikaanza kulia kwa sauti, ule mlio wa mtoto unaotaka majirani waje.

"Lia tu, mama," Shangazi alisema, akinyanyuka na kujikung'uta vumbi, "lakini ulie huku unamenya karoti. Bibi yako anafika saa nne."

Basi nikalia na kumenya karoti. Yeye aliibana mashine mezani, akapitisha nusu ya kunde mbichi pamoja na vitunguu maji, vitunguu saumu, na fungu zima la giligilani na vitunguu majani, na kile kilichotoka upande wa pili kilikuwa kijani kibichi, kinanukia kama shamba lililonyeshewa. Kwa kuwa kunde zimepungua, alikata kabichi nyembamba kabisa, akaitia chumvi, akaikamua kwa kitambaa mpaka ikaacha kutoa maji, akachanganya na karoti zangu nilizozikwangua. Mama Hana naye, alisema, alikuwa akifanya hivyo wageni wakizidi. Akatia bizari nyembamba, pilipili manga, na magadi kidogo sana, chembe tu kwenye ncha ya kisu, akinitazama kwa jicho la utani wakati anaitia. Ndipo nilipojua kwamba atacheka tena siku moja, ingawa siyo leo.

Michuzi ilikuwa mitatu, na wa tatu haukuwa kwenye mpango. Wa kwanza ulikuwa wa ufuta uliotoka Mkwajuni, ambao tuliutwanga kwenye kinu mpaka ukatoa mafuta yake wenyewe. Ukitia ndimu unagoma, unakuwa mzito na mbaya, unadhani umeharibika, lakini ukizidi kuongeza maji kidogo kidogo huku unakoroga unalainika na kuwa mweupe. Wa pili ulikuwa mtindi uliochujwa, tango lililokwanguliwa na nanaa. Wa tatu Shangazi aliutoa kwenye aibu yangu. Alisimama juu ya ile sufuria ya uji wa kunde akifikiri, akasema Wamisri wana kitu kinaitwa bisara, maharage yaliyochemshwa na kupondwa na majani, na kwamba hajawahi kusikia mtu akikipika kwa bahati mbaya, lakini leo amesikia. Alichuja maji yaliyobaki, akaponda, akatia kitunguu saumu, giligilani, pilipili kichaa na ndimu. Ndimu ilipokutana na magadi yangu, sufuria nzima ikatoa povu na kuvimba, sote wawili tukaruka nyuma. Akaonja. Akaongeza ndimu. Akaonja tena na kusema inalika, ila ina ladha ya sabuni kwa mbali.

Bibi hakufika saa nne. Alifika saa tatu, kwa gari la mapema, amejifunga vitenge viwili na sweta la marehemu Babu, ameacha kahawa mbivu mtini ili aje. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na macho yake yameshapita juu ya kichwa changu na kuingia jikoni. Hakukaa. Alichovya kidole kwenye beseni la kunde zilizosagwa, akakinusa.

"Hizi hazijachemshwa," alisema. "Skola, unataka kutulaza hospitali sote?"

Kisha akaiona sufuria. Aliuliza nani amechemsha zile nyingine, na mimi nikasema ni mimi. Bibi alinivuta akaniweka kifuani mwake, akasema afadhali mtoto huyu ana akili, amefundishwa akashika, na huyu aliyekaa miaka tisa kwa watu hajui hata kubandika kunde. Sijawahi kusifiwa nikaumia namna ile. Nilimtazama Shangazi nikitaka aseme kitu. Aliweka karai dogo motoni, mafuta yakapata moto, akatengeneza kidonge kimoja cha kunde nilizochemsha na kimoja cha zile mbichi, akavitumbukiza vyote viwili mbele ya Bibi. Changu kilitulia kidogo, kikaanza kutoa mapovu pembeni, kikapasuka, kikatawanyika mpaka mafuta yakawa na tope. Kile kingine kilizama, kikaelea, kikazunguka chenyewe na kupata rangi. Shangazi alikiopoa, akakipasua kwa vidole, ndani kijani kabisa, mvuke ukatoka, akampa mama yake. Bibi alitafuna kwa muda mrefu akilitazama karai.

"Umekuta mtoto amekuharibia nusu," Bibi aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ukamfanya nini?"

"Nilimpa karoti amenye, Mama."

Bibi alikaa kwenye kigoda changu, akavuta kitenge magotini. Alimtazama Shangazi akibadilisha mafuta, akitengeneza vidonge kwa vijiko viwili, akivibandika ufuta mgongoni, akinipa mimi mwiko nigeuze. Ndiyo, alinipa mwiko. Baada ya yote yale alinipa kazi ya kugeuza, na hakusimama juu ya bega langu.

Saa nne Baba alikuja akinuka mpira, Mama akarudi, tukakaa uani juani kwa sababu ndani kulikuwa na baridi zaidi. Baba aliomba sala fupi ya mtu mwenye njaa. Sinia lilikuwa katikati, taamia zimejaa, bakuli tatu za michuzi, chapati zilizokatwa robo robo, nyanya na vitunguu, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Nilimtazama Bibi tu. Ya kwanza aliila bila mchuzi. Ya pili aliichovya kwenye ufuta, akasita, akaichovya tena. Alijaribu mtindi, akakunja uso kwa nanaa. Alipofika kwenye bisara alisema, "Hii imezidi magadi," na mimi nikatamani ardhi inimeze, lakini akaichukua bakuli hiyo akaisogeza karibu yake. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo: alikula saba. Baba alikuwa na hamu ya kuuliza, akatazamwa na Mama, akachukua taamia nyingine.

Bibi alifuta vidole kwa ncha ya kitenge. Hakumtazama Shangazi, alitazama barabarani, kwenye malori.

"Mwaka ule uliunguza maharage ya wachumaji," alisema. "Unakumbuka nilichokufanya?"

"Nakumbuka, Mama."

"Niliyamwaga miguuni kwako, watu thelathini wanatazama. Nikasema hutakuja kumpikia mtu akashiba." Lori moja lilipiga honi, likasogea hatua mbili, likasimama tena. "Ulikuwa na miaka kumi na minane, na ulikuwa na homa. Homa nilikuja kuijua baadaye. Ulikuwa umeshaondoka." Halafu akanigeukia mimi, akaweka mkono juu ya kichwa changu, mzito, wa moto wa chai. "Leo mtu kamharibia shangazi yako siku ambayo nimekuja kumhukumu, na yeye amempa karoti. Mimi sikumfundisha hivyo. Magunia yatoke Jumatatu. Kesho ni siku ya Bwana."

Shangazi alinyanyuka akisema anakwenda kutazama mkaa. Hakukuwa na mkaa wa kutazama; nilimfuata nikamkuta amesimama ameshika mashine ya Mama Hana kwa mikono miwili. Nilimkumbatia kiunoni. Jioni ile, bila kumwuliza, nilifungua begi na kutundika magauni yake yote kwenye misumari, moja baada ya jingine, na lile lenye vumbi nikalifua mwenyewe.

Fremu ilifunguliwa kabla mwezi wa sita haujaisha. Sitasema madereva waligombania siku ya kwanza, kwa sababu hawakugombania. Wengi waliulizia supu. Lakini dereva mmoja Mkongo alikula, akarudi na wenzake wawili, na kufikia msimu wa mvua ilikuwa ikifika saa tano taamia zimekwisha. Bisara ilibaki kwenye orodha, bila magadi. Na Bibi alianza kuja. Kila Ijumaa alishuka kutoka Iyula, akakaa nyuma ya fremu na beseni, akafikicha maganda ya kunde kwenye maji ya baridi mpaka yote yaishe, halafu Jumamosi akanywa chai ya saa nne na kurudi shambani. Shangazi alimwambia mara nyingi kwamba ataajiri mtu, kwamba maji hayo yanamuumiza viungo. Bibi alisema wasichana wa siku hizi wanavunja punje. Alikuja hivyo mwaka hadi mwaka, msimu wa kahawa na usio wa kahawa, mpaka vidole vikakataa kukunjika. Katika muda wote huo sikuwahi kumsikia akimwambia Shangazi samahani, na nilikuwa karibu, ningesikia. Sikuwahi pia kumwona Shangazi akiisubiri.

Bibi amelala Iyula sasa, karibu na kahawa yake. Shangazi Skola ana mvi na ana jiko kubwa lenye wanawake watano, na amenizuia nisimtaje zaidi ya hapo. Mimi naishi Vwawa, nafanya kazi ofisini, na Jumamosi napika taamia kwa nusu saa, maana kunde zilizokobolewa zinauzwa zikiwa kwenye pakiti, blenda inasaga wakati napiga mswaki, na ufuta uliosagwa tayari uko kwenye kopo dukani. Zinatoka nzuri. Nasema bila woga kwamba zangu zinashikana vizuri kuliko za Shangazi, na yeye anajua. Watoto wangu wanazila wamesimama, mmoja anatoka, mwingine anaingia, na sijui mara ya mwisho lini tulikaa sote tukasubiri mtu mmoja afute vidole na kusema neno.

Wala sidai kwamba zamani ilikuwa bora. Mwanamke mwenye homa alimwagiwa sufuria miguuni mbele ya watu. Hiyo nayo ilikuwa zamani. Siku hizi watu wanaombana radhi upesi, na nadhani ni vizuri. Mwezi uliopita ndugu yangu mmoja aliyenikosea sana alinitumia ujumbe kwenye simu, maneno matatu na kialama cha moyo chini yake. Nilimjibu yameisha, na nilimaanisha. Lakini alipokuja kunitembelea nyumbani, akakaa sebuleni na simu yake akisubiri chakula kiive, nilijikuta huko jikoni, kunde za maganda, siyo za pakiti, zikiwa zimelowekwa kwenye beseni, natazama mlangoni kuona kama atakuja kutia mikono.